Tochi ya Kuzungumzia

Mke wangu ni kiziwi. Tunazungumza kwa mikono, na mikono haionekani gizani. Kabla sijaoa sikuwa nimewahi kuwaza kwamba stima ikipotea, watu wawili wanaweza kukatwa mazungumzo katikati ya sentensi, huyu akabaki upande huu wa kochi na yule upande ule, wote wakingoja.

Tuliishi Kilimani, kwenye nyumba iliyokuwa na mwanga mzuri mpaka ghorofa refu lilipojengwa pembeni na kuziba dirisha la sebuleni. Tangu hapo jioni ilituingilia mapema. Mshumaa ulitufaa kwa kula tu. Ulitujaza vivuli usoni, na kwa lugha ya ishara uso ndio nusu ya maneno. Tochi ya simu nayo ilikuwa usumbufu. Ukiishika, umebaki na mkono mmoja wa kusemea. Ukiiegemeza kwenye kikombe, inammulika mwenzako machoni.

Alipopata mimba nilianza kuliona giza kama adui. Tochi nilizonunua zilijigamba sana kwenye boksi, kisha zikafifia kabla hatujamaliza chakula. Nikaamua kutengeneza yangu, yenye nguvu kiasi kwamba ukiisimamisha mezani ikitazama dari, chumba chote kiwe kama mchana.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni ya ofisini, Hurlingham, kupangia waendesha pikipiki safari za kupeleka vifurushi. Lakini nilikuwa nimetazama video nyingi, na mtu aliyetazama video nyingi hujiona ameshajua. Jumamosi moja nikaenda mjini, kwenye duka la vipuri vya umeme. Mwenye duka alikuwa mtu wa Mombasa, mpole, na redio yake ilikuwa ikisoma mawaidha.

"Bosi, nataka taa ya LED iliyo kali kuliko zote ulizo nazo," nikamwambia.

Akanitolea kitu kidogo kama kifungo cha shati, kina doa la manjano katikati. "Hii kali. Lakini inataka chuma cha kuipoza, na kisahani hiki cha kudhibiti umeme wa betri. Usiiwashe mikononi hivi hivi, bwana. Itaungua."

"Sawa, sawa," nikajibu.

Kufika nyumbani sikuweza kungoja. Nikaiunganisha pale mezani, bila chuma chochote, nione tu kama inawaka. Ikawaka! Ukuta ukawa mweupe, mke wangu akafunika macho huku akicheka. Kabla hajamaliza kucheka, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikageuka buluu, ikazimika. Nilirudi kwa yule mtu wa Mombasa nikiwa nimeinamisha kichwa. Akavuta droo alimotoa ile ya kwanza, akanipa nyingine.

Safari hii nilikwenda taratibu. Mafundi wa madirisha ya alumini karibu na kwetu walinikatia kipande cha bomba kiwe mwili wa tochi, na kisahani kinene cha kukalia LED. Nikajifunza kulehemu kwa kuharibu waya nyingi. Betri niliiogopa kweli, kwa kuwa nilishasikia kwamba aina ile ikiguswa vibaya hulipuka, hivyo kila nyaya zake mbili zilipokaribiana nilikuwa nikibana pumzi. Kisahani cha LED kilikuwa kidogo kuliko tundu la bomba, kikawa kinacheza humo ndani. Nikakibandika kwa gundi ya kawaida, nikafunga lenzi, nikabonyeza swichi.

Ilimulika vizuri, kisha polepole ikaanza kufifia. Nikaifungua, nikaifunga, nikabadilisha betri. Ikafifia tena. Nilikuwa karibu kuitupa mke wangu alipoichukua, akaishika kwenye bomba, halafu akagusa kioo cha mbele na kuondoa kidole haraka. Akaiweka chini ili apate mikono.

"Huku moto sana," akasema. "Huku baridi kabisa. Kwa nini?"

Sikuwa nimewahi kuligusa bomba kwa nia hiyo. Joto lilikuwa limefungiwa mbele, likizuiwa na gundi yangu, wakati alumini yote imekaa bure. Nikarudi kwa mafundi wa madirisha, wakanikatia kisahani kingine cha kuingia kwa kugongwagongwa. Mwenye duka naye akaniuzia mafuta mazito meupe ya kupitisha joto, nikayapaka pembeni pote. Jioni ile tulikaa tukiitazama kama watu wanaochunga maziwa jikoni. Bomba likapata joto mkononi mwangu, na mwanga haukushuka. Nikaiweka mezani, karibu na kochi. Moyo wangu ulitulia, nikadhani hiyo ndiyo ilikuwa furaha yote niliyoitafuta.

Mimba ilikuwa kubwa mke wangu aliponiambia, jioni moja nilipotoka kazini, kwamba tangu asubuhi mtoto hajacheza. Alisema kwa ishara ndogondogo, mikono ikiwa karibu na kifua, kama mtu anayenong'ona. Nikapiga simu kliniki. Muuguzi akaniambia alale kwa ubavu wa kushoto, anywe kitu cha baridi chenye sukari, halafu nimlete hata kama mtoto ataanza kucheza. Nikampa juisi, akalala kwenye kochi. Nikaita teksi, nikaiacha simu jikoni kwenye chaji, nikaingia chumbani kutafuta kadi yake ya kliniki na sweta.

Hapo ndipo stima ilipopotea.

Nilitoka nikipapasa ukuta. Nilipofika kwenye kochi, alinikamata shati kwa nguvu. Alikuwa analia, machozi yake yalinilowesha mkono. Nilihisi mikono yake ikienda mbele yangu, ikinigonga kifuani, ikisema jambo, ikilirudia, na mimi sikuona hata kidole kimoja. Nilikuwa nimeshajua anachosema. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza tutakavyowaeleza wa nyumbani Vihiga kuhusu msiba, nitakavyompigia mama.

Nikapapasa meza, nikaangusha glasi, nikaipata tochi. Nikabonyeza.

Dari likawaka, na chumba chote kikatokea mara moja, na katikati yake uso wa mke wangu umelowa, mdomo wazi, anacheka.

"Anacheza," mikono yake ilisema. "Anacheza, anacheza! Amenipiga teke hapa. Wewe, nakuambia hunijibu!"

Nilikaa sakafuni kwenye juisi iliyomwagika, nikaweka kichwa ubavuni mwake. Mtoto akanipiga shavuni, mara moja, kama mtu anayekataa kusumbuliwa. Nikaanza kulia mimi sasa, na yeye akawa ananicheka.

Kliniki tulikwenda vilevile. Muuguzi alimpaka dawa ya baridi tumboni, akasogeza kile kifaa chake huku na huko, na sauti ya moyo ikajaza chumba, ya haraka, kama mtu mdogo anayekimbia kwa viatu vikubwa.

"Mtoto yuko sawa kabisa," muuguzi akasema. "Mama akale, apumzike."

Mke wangu alikuwa ananitazama mimi, anasubiri. Nikamshika bega, nikaanza kumgongea kwa vidole viwili ule mwendo wa moyo niliokuwa nikiusikia, bila kuacha. Akafumba macho. Muuguzi alikuwa tayari kuzima mashine, lakini alipotuona akaiacha iendelee.

Tulipotoka, tuligundua kwamba hakuna aliyekuwa amekula. Tukaingia hoteli ndogo ya pale Hurlingham, tukaagiza chapati, maharagwe na chai, na mke wangu akaongea mpaka chai yake ikapoa.