Redio ya Chini ya Blanketi

Fundi wa redio kule mtaa wa Rhonda, hapa Nakuru, aliishika ile kanda yangu ya zamani, akaipuliza vumbi, akaniuliza, "Mathe, hii si ya kanisa? Imeandikwa kwaya." Nikamwambia aiweke tu, aache maswali. Nilikuwa mkali kwa sababu niliogopa. Kaka yangu mkubwa tulimzika mwezi wa nne, na kufikia mwezi wa nane sauti yake ilikuwa imeanza kunipotea kichwani. Picha zake ninazo. Sauti sina. Kama iko popote duniani, iko ndani ya kanda hiyo, na mimi ndiye niliyeiharibu.

Tulikulia kwenye shamba la zamani la mzungu, upande wa Gilgil, ambapo kaka alikuwa akitengeneza trekta. Mzungu alipouza na kwenda kwao, mwanawe wa kiume alimwachia kaka redio kubwa na kinasa sauti. Usiku, Baba akishalala, kaka alivuta waya wa antena hadi kwenye mkaratusi, akajifunika blanketi yeye na redio, akazungusha kitufe polepole hadi aipate stesheni fulani ya mbali iliyopiga magitaa ya wale mahipi wa nywele ndefu. Baba aliuita muziki wa bangi. Nilikuwa na miaka tisa, na niliruhusiwa kuingia chini ya blanketi kwa sharti moja: nitulie tuli. Alinasa nyimbo kwenye kanda kwa kuweka kinasa sauti mbele ya spika, kwa hiyo kila kitu kiliingia humo, mbwa, kikohozi cha Mama, mvua kwenye mabati.

Wimbo ukiisha, kaka alisafisha koo, "Ehem," kisha akajitangaza kwa sauti nzito ya kujifanya: "Wasikilizaji wapendwa, hii ni Redio ya Chini ya Blanketi." Wasikilizaji wenyewe ni mimi peke yangu. Niliuma mto nisicheke.

Maneno ya zile nyimbo hatukuelewa hata nusu. Lakini kulikuwa na gitaa lililolia, na nikimtazama kaka naona amefumba macho. Nilimpenda sana wakati huo. Sijui kama niliwahi kumwambia.

Baadaye alienda Karagita, akaajiriwa kwenye mashamba ya maua, akapanga chumba kimoja kilichovuja. Katoni ya kanda akaniachia mimi, niliyekuwa nimeolewa Nakuru. "Nitunzie, dada. Huko zitaoza." Mwaka uliofuata nikaokoka. Na siku hizo hakuna aliyeokoka nusu nusu. Mchungaji alitangaza tulete vitu vya dunia vichomwe nyuma ya kanisa. Kuna aliyeleta vipuli, kuna aliyeleta viatu vya densi. Mimi huyu nilibeba katoni nzima, kichwa juu, nikiimba. Kanda moja tu niliibakiza, tena si kwa ajili yake: kwaya yetu haikuwa na kanda tupu. Kaka alikuwa amevunja vile vimeno vya plastiki vya juu ya kanda ili mtu asinase tena. Nikaziba matundu kwa selotepu, tukanasa kwaya juu yake. Mjinga mimi!

Alipokuja Krismasi akaulizia katoni yake. Nikamwambia, tena kwa majivuno, ati nimeiacha dunia. Akamaliza chai, akasema, "Sawa tu." Heri angenitukana! Miaka yote iliyofuata alikuja, akabeba watoto wangu mabegani, akacheka nao, lakini ile sauti ya mtangazaji hakuitoa tena. Na mimi sikumwomba msamaha. Nilijiambia kesho, kesho, hadi jirani yake akanipigia simu.

Fundi akaiweka kanda, akabonyeza. Kayamba, ngoma, sisi tukiimba. Upande mzima, kwaya. Akageuza. Kwaya.

"Mathe, ni kwaya tu," akasema kwa upole.

"Wacha iende."

Wimbo wa tatu ukaisha, na kabla ya wa nne kuanza palikuwa na kipande kidogo ambacho hatukukifuta. Gitaa la mbali likimalizikia. Mvua kwenye mabati. Kisha: "Ehem. Wasikilizaji wapen..."

Hapo hapo sauti ya mwanamke, ya juu, safi kabisa, ikamkata: "Haleluya!" Niliitambua mara moja. Ni mimi niliyekuwa nikianzisha nyimbo.

"Nirudishe, mathe?"

"Rudisha."

Kaka akasafisha koo, akaanza kusema, nikamkata. Nikamwomba fundi arudishe tena, na tena. Mara ya tano niliinama karibu na spika nimwambie nisamehe, ndugu yangu, upesi, kabla ya ile haleluya. Sikufika hata katikati ya neno. Mle ndani ya kanda nilikuwa nimeshaanza kuimba.