Mikono Mitupu kwa Twiga

Risper alikuwa hajawahi kumwona twiga. Kwao Vihiga alikulia kati ya ng'ombe wawili na kuku. Twiga alimjua kwa picha ya kitabu cha darasa la tatu tu. Lakini baba wa nyumba aliyofanyia kazi alipopunguza mwendo wa gari ndani ya mbuga ya wanyama, saa moja hivi kutoka Riyadh, na shingo ndefu ikajitokeza juu ya miti ya miiba, madam, mkewe, aligeuka akamwambia akicheka, kwa jina alilozoea kumwita, "Risba, msalimie ndugu yako. Si mnalala naye nyumba moja huko Kenya?"

"Kwetu tulilala na kuku, madam," Risper alijibu kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Twiga hangeenea mlangoni."

Baba alicheka mpaka akagonga usukani. Lulwa, binti yao wa miaka mitano, akacheka kwa kuwa baba yake amecheka. Alikuwa kwenye kiti cha nyuma, ubavuni mwa Risper, ndoo ndogo ya karoti mapajani, mkono mmoja umeshika pindo la abaya, lile vazi jeusi refu la Risper, kama kawaida yake.

Kilichomkaa Risper rohoni hakikuwa twiga. Miaka miwili ya mkataba ilikuwa imekwisha, karatasi zake zimetoka, na Jumanne angepanda ndege. Lulwa hakujua. Asubuhi hiyo walipokuwa wakifunga chakula cha safari jikoni, nyumbani kwao mtaa wa Malaz, madam alimwambia kwa sauti ya chini, "Usimwambie. Utaondoka akiwa amelala. Akiamka atakuta umeenda, halas, yamekwisha. Atasahau."

Risper alisema ndiyo. Angesema nini? Lakini maneno hayo aliyajua. Mwaka wa 2014 yalitoka kinywani mwa mama yake mwenyewe, Damaris: "Toka mtoto akiwa usingizini. Akikuona na begi atakufuata mpaka stendi." Ndivyo wengi wa kijiji chao waliokwenda Uarabuni walivyowaacha watoto. Basi Risper alimfunika leso bintiye Lydia, wa miaka mitatu, akatoka akinyata. Lydia alipoamka alimtafuta chini ya kitanda, kwenye zizi, kwa jirani. Tangu siku hiyo hakubali kulala mchana, na usiku hulala ameshika nguo ya nyanya yake. Kila Ijumaa akipewa simu, husema neno moja tu: "Ulienda." Kisha huirudisha.

Twiga alikuja mpaka dirishani, akainamisha kichwa kikubwa chenye kope ndefu. Ulimi wake ulikuwa mweusi, mrefu kama soksi ya shule. Lulwa alijificha ndani ya abaya, akachungulia, mwishowe akanyoosha karoti ya kwanza. Baada ya hapo hakuogopa tena. Alilisha mpaka ndoo ikabaki tupu.

Nyuma magari yalikuwa yamepanga foleni. Mlinzi aliwapungia mkono waendelee: yalla, yalla. Twiga bado alikuwa ameingiza pua, akinusa ndoo.

"Anataka tena," Lulwa alisema, mdomo ukianza kutetemeka.

"Hakuna, mafi," madam alimjibu. Akamgeukia mumewe. "Ngoja aangalie kando, ufunge dirisha twende. Hatajua."

"Subiri kidogo, baba," Risper alisema. Kwa miaka miwili hakuwahi kumwambia baba asubiri. Alivishika viganja vya Lulwa, akavifungua. "Kwetu ng'ombe akimaliza chumvi tunamwonyesha mikono. Ajue imekwisha, asishinde langoni akingoja. Mwonyeshe."

Lulwa alitoa viganja nje. Twiga alinusa kimoja, akanusa cha pili, akapuliza pumzi ya moto. Kisha akainua shingo polepole, akaliendea gari la nyuma.

"Hajakasirika," Lulwa alisema.

"Amejua."

Gari liliondoka. Risper alitazama shingo ya madam pale mbele, akaona kwamba asiposema sasa hatasema tena.

"Lulwa, Jumanne mimi nami naenda kwetu. Sitarudi. Naenda kwa Lydia."

"Risba," madam alisema, bila kugeuka.

"Lydia ni nani?"

"Mtoto wangu. Ana miaka mitano kama wewe."

Lulwa alifikiri. "Nani humlisha?"

"Nyanya yake."

Ndipo mtoto akaelewa, akalia. Alilia njia yote mpaka Malaz. Baba aliwasha redio, akaizima. Madam hakumsemesha Risper siku tatu ila kwa kazi, na Risper hakumlaumu. Risper mwenyewe ndiye aliyembeba yule mtoto akilia kwa kwikwi, usiku ule na uliofuata.

Jumanne asubuhi, baba akiwa anatia begi kwenye buti, mlango wa nyumba ulifunguka. Lulwa alitoka miguu mitupu, macho yamevimba, madam akiwa nyuma yake. Madam hakumzuia. Mtoto alikuja mpaka kwenye gari, akaushika mlango ambao Risper alikuwa hajaufunga.

"Nionyeshe mikono," alisema.

Risper alishusha mkoba wake chini, akafungua viganja vyote viwili. Lulwa alikitazama kimoja, akakitazama cha pili, akagusa kovu dogo la kuungua na pasi kwenye kidole gumba. Midomo ilimcheza, machozi yakamtoka tena. Lakini aliuachia mlango.