Jina la Kuogelea

Nilipokuwa mtoto, Mombasa yetu ilikuwa nyuma ya mtaa wa Mowlem, hapa Nairobi. Ukitoka kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga ulipita kwa muuza makaa, ukavuka uwanja wa nyasi kavu, na hiyo hapo: shimo kubwa lililoachwa na wachimba mawe, ambalo mvua za Aprili zililijaza na jua la Septemba likashindwa kulikausha. Upande mmoja ulikuwa na vumbi la mawe, laini chini ya nyayo, nasi tukauita bichi. Maji ya hapo yalitufika magotini. Upande wa pili ulikuwa ukuta wa mawe uliosimama wima, na chini yake maji meusi ambayo hakuna mtoto aliyejua kina chake.

Siku hizi naona wazazi wenzangu wakiulizana kwenye simu ni wapi hapa Nairobi pa kumpeleka mtoto mdogo kuogelea, pasiwe na kina, pawe na kivuli na mtu wa kuangalia watoto. Nacheka kidogo, halafu kicheko kinanikauka. Sisi tulikuwa na Kukhu tu.

Kukhu alikuwa nyanya yetu, mama yake baba. Aliletwa kutoka Bungoma atulee, kwa sababu baba alikuwa kiwandani na mama alikuwa sokoni Gikomba na mitumba yake tangu alfajiri. Hakutukataza maji. Yeye mwenyewe alikulia kando ya mto, na alisema kumkataza mtoto maji ni kujichosha bure. Alitupa sharti moja: tusiitane majina yetu ya kweli tukiwa kule.

"Maji yakisikia jina yanalishika," alituambia. "Halafu siku moja yanakuita yenyewe, na wewe unaitika."

Mimi Naliaka, niliyezaliwa wakati wa palizi, sikumpa wasiwasi sana. Aliyemtia hofu ni mdogo wangu Wafula, ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Wafula ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. "Huyu, maji ni shangazi zake," Kukhu alisema. "Watamtaka." Na kama hilo halikutosha, watoto wa ploti walikuwa wamelikata jina lake. "Niaje Wafu! Twende bichi!" walipiga kelele asubuhi moja, na Kukhu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza ni nani anayemwita mjukuu wake maiti.

Siku hiyo hiyo akamtafutia jina la kuogelea. Akamwita Kamau.

"Kina Kamau ni wengi," alieleza. "Yakimtafuta yatachoka."

Jirani yetu Mama Njoki, Mkikuyu wa Murang'a, alicheka hadi akashika ukuta. "Kwa hivyo Kukhu, yachukue wa kwetu?"

"Wa kwenu hawaingii. Wanaogopa baridi."

Basi Wafula akawa Kamau kila tulipovuka ule uwanja, naye alilipenda jina lile. Alijitangaza nalo kwa kila mtu.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa alasiri ya likizo. Nilikuwa nimekaa bichi najenga nyumba ya vumbi la mawe, Wafula yuko mbele yangu majini, magoti hayaonekani. Nikamwona ameinua kichwa kama mtu anayesikiliza. Akanitazama mimi kwanza. Kisha akageuka upande wa ukuta.

"Naam!" akaitika, vile Kukhu alivyotufundisha.

Akaanza kutembea. Hakukimbia wala hakucheza. Alitembea kama mtoto aliyetumwa dukani, na maji yakampanda kiunoni, yakampanda kifuani. Nilisimama, nikafungua mdomo, na sikujua niseme nini. Nikiita Kamau hatageuka, kwa sababu Kamau ulikuwa mchezo tu. Nikiita Wafula, nimewapa wale shangazi jina lake kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilichoweza ni kupiga kelele "We! We! We!" na kila mtoto pale bichi akageuka isipokuwa yeye.

Mwanamke aliyekuwa akifua magunia karibu na ukuta ndiye aliyemwona. Aliliacha gunia likaelea, akaingia na nguo zake zote, akamshika ukosi wa shati wakati nywele tu ndizo zilizobaki juu. Alipomfikisha bichi alimpiga kofi kwanza, kisha akamkumbatia.

"Huyu mtoto anaitwa nani?" aliniuliza.

"Kamau," nikasema.

"Mimi ni Wafula," mdogo wangu akasema katikati ya kikohozi, kwa sauti ambayo shimo lote liliisikia.

"Na ulikuwa unaenda wapi, Wafula?"

"Nimeitwa kwa jina langu la kweli."

Tulimkuta Kukhu mlangoni na sahani ya viazi vitamu. Nilimweleza yote mara moja, bila kuvuta pumzi. Hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja tu: ameitwa jina gani? Nilipomwambia ni lile la kweli, aliketi chini, pale pale kwenye saruji, sahani mapajani.

"Ni mimi," alisema. "Nimemwita sasa hivi aje ale. Nimesahau kwamba mko kule."

"Lakini Kukhu, ni mbali. Hatukukusikia."

"Wewe hukusikia."

Tangu siku hiyo hakumwita Wafula kwa jina tena. Alimwita "wewe," au "baba," au alimtuma mtu amguse bega. Mama alimwambia ni ujinga, baba alimwambia sauti ya mtu haivuki uwanja mzima, naye akawatazama wote kwa huruma. Mdogo wangu alidhani amechukiwa. Aliniuliza zaidi ya mara moja, "Kukhu amenikasirikia?" Hata miaka ya baadaye kule Bungoma, alipokuwa kitandani akituita wajukuu mmoja mmoja atubariki, zamu ya Wafula ilipofika alimshika mkono tu, akaushika kwa muda mrefu. Wafula alikuwa kijana wa sekondari mwenye ndevu za kwanza, na alitoka mle ndani akilia.

Mwaka jana tuliwapeleka watoto wetu kwenye bwawa moja la kulipia, maji ya magotini, samaki wamechorwa sakafuni. Tulikaa ukingoni, miguu majini, nikamwambia Wafula kwamba inaniuma Kukhu alikufa akijilaumu kwa sauti isiyoweza hata kufika.

"Haikuwa yake," alisema. "Ilikuwa sauti yako."

"Mimi? Sikuita jina lako."

"Najua. Nilikuangalia, mdomo wako ulikuwa umefungwa. Sauti yako ikaita tena kutoka kule ukutani. Ndiyo nikaenda kuona ni nani."

Nikaanza kukisia. Mwangwi, labda, lakini mwangwi wa nini, nami nilikuwa kimya? Au alikuwa mtoto mdogo, akachanganya. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Kukhu, amtoe kwenye ile lawama.

"Mwanzoni hakuna aliyeniuliza. Halafu nikaona ameacha kuniita, nikaogopa. Ningesema ni sauti yako, angeona maji yamekushika na wewe, akaacha kukuita."

Alisema hivyo huku akimtazama binti yake aliyekuwa akirusha maji, kama jambo la kawaida. Mimi siamini mambo ya shimo lile, na bado sijui ni nani aliyeita. Najua kwamba Kukhu aliniita Naliaka miaka yote iliyobaki, kwa sauti kubwa, mbele ya ploti nzima, na kila alipoita, mdogo wangu alikuwa kando yangu, anasikia, amenyamaza.