Fundi Anayetangaza Nyundo

"Napiga!"

Sauti inatangulia, nyundo inafuata. Bati linalia hadi barabarani. Kimya kidogo, kisha tena: "Napiga!"

Ni asubuhi ya Ijumaa. Nyuma ya uzio wa gereji, fundi wa kunyoosha bodi za magari amepiga magoti kando ya mlango wa gari uliobonyea. Upande wa pili mwenzake ameushikilia kwa mikono miwili. Ndiyo maana fundi anapaza sauti: asiyejua nyundo inakuja lini huacha vidole vyake mahali pabaya.

Ndani ya gari hilo hilo, kwenye kiti cha dereva, amekaa binti wa fundi huyo, mwenye miaka tisa. Gereji nzima inamwita Bosi. Hana habari na kelele.

"Fundi, gari langu litaisha leo?" anauliza.

"Bosi, wewe hata mafuta hujaweka!" mmoja anamjibu, na mafundi wanaangua kicheko.

Saa hizi Bosi alipaswa kuwa darasani. Wiki tatu zilizopita alisimamishwa masomo. Kengele ya shule, rimu kuukuu ya gari inayogongwa kwa chuma, ililia. Akaziba masikio, akatimua mbio, akamkumba mtoto wa darasa la kwanza mlangoni. Mtoto akavunjika jino. Haikuwa mara ya kwanza Bosi kukimbia, na shule ikaandika: utovu wa nidhamu.

Bosi ana usonji. Shule iliambiwa hivyo siku alipoandikishwa.

"Walipotuita mara ya kwanza, mimi ndiye niliyewaambia wamchape," fundi anasema, akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. "Nilijiuliza, mtoto anayelala usingizi kwenye kelele zetu hizi kila Jumamosi, kengele itamtishaje? Nikaona ni jeuri tu."

Mkewe, anayefua nguo za watu, hakumsemesha siku mbili.

Kusimamishwa kwenyewe ndiko kulikomfumbua fundi macho. Mama anazunguka nyumba za wateja, kwa hiyo Bosi akawa anashinda gereji. Siku moja fundi mgeni akapiga bampa bila kusema neno. Bosi aliruka garini, akapenya katikati ya watu, mbio. Baba alimdaka ukingoni mwa lami, lori likipita.

"Akaniambia, 'Baba, huyu hakusema.' Hapo nikaelewa. Haogopi kelele. Anaogopa kushtukizwa."

Jana wazazi hao walikaa mbele ya mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa.

"Mzazi, sheria ni ya wote," mwalimu mkuu alisema. "Yule aliyevunjika jino naye ana mama."

"Na mama yake tulikwenda kumwomba radhi, akatupokea," mke wa fundi alijibu. "Jino tunalibeba. Hilo la utovu wa nidhamu hatulibebi! Tangu lini mtu akaadhibiwa kwa kushtuka?"

Mwalimu wa darasa, mwenye wanafunzi zaidi ya sabini, alishusha pumzi. "Mama, nikisimama kumwandaa huyu, wale wengine nawaachia nani?"

Fundi aliomba kitu kimoja tu: Bosi aambiwe kabla kengele haijagongwa. Mwalimu wa darasa akasema atajaribu.

Bosi anarudi Jumatatu, kwa majaribio. Akikimbia tena, shule itamwondoa moja kwa moja. Adhabu haijafutwa kwenye kumbukumbu za shule, na wazazi wameshakata rufaa ofisi ya elimu.

Mchana, kazi inapopoa, fundi anaingia garini na kukaa kiti cha abiria. Anampa bintiye habari zote. Bosi ameshika usukani, macho mbele.

"Mwalimu atasema kabla?"

"Amesema atajaribu."

"Na akisahau?"

Fundi anaiweka nyundo chini.

"Akisahau, nitarudi kumkumbusha. Akisahau tena, nitarudi tena, mimi na mama yako. Nakuahidi, mwanangu."

Bosi anatikisa kichwa. "Sema vizuri. Kama unavyosema ya nyundo."

Fundi anacheka kidogo, kisha kicheko kinamtoka usoni. Anavuta pumzi, anapaza sauti gereji nzima isikie:

"Nitarudi!"