Tundu la Sindano

Mwaka 2014 nilirudi Kitahana, wilayani Kibondo, nikitokea India kutibiwa saratani ya pafu. Kifua hawakukipasua. Walinilaza kwenye mashine ya picha, wakapitisha sindano ndefu ubavuni hadi kwenye uvimbe, kisha wakaipasha moto ncha yake ili uvimbe uungue humo humo. Baada ya siku chache nilikuwa natembea. Daktari alinieleza kwamba kilichoungua hakitolewi, kinabaki ndani kama kovu. Kama kimekufa kweli, ningejua kwa picha nyingine, Mwanza, miezi kadhaa mbele.

Miezi hiyo ndiyo iliyonishinda. Mimi ni mtu wa Lindi, mwalimu niliyepangiwa kazi huku, na ndugu wa karibu sikuwa naye. Nilijipa moyo kwamba Waha hawamwachi mgonjwa peke yake, maana nilishaona nyua zikijaa watu kwa ajili ya homa tu. Nikafagia uwanja, nikaazima mabenchi shuleni.

Hakuja mtu, isipokuwa jirani yangu, mama mmoja mkulima. Akataka kuona nilipopasuliwa. Nikafungua shati. Palikuwa na alama ndogo, kama ya mtu aliyechomwa na mwiba.

"Ni hapa tu, mwalimu?"

"Ni hapa tu, mama."

Akacheka, akanisifu kwamba nimetakata. Kesho yake mtaa mzima ulijua kuwa mwalimu alikwenda kutembea Ulaya. Hata hiyo India yenyewe hawakunipa!

Nikarudisha mabenchi kwa hasira. Kila jioni nilikaa mlangoni nikivuta pumzi taratibu, nikiusikilizia ule ubavu. Niliogopa, na sikuwa na wa kumwambia.

Wiki moja kabla ya safari ya Mwanza nilijikata mguu kwa jembe nikipalilia maharage. Nesi wa zahanati akanifunga bendeji kubwa kuliko kidonda chenyewe. Hapo ndipo walipokuja! Walileta ndizi, parachichi, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na wengine wakakosa pa kukaa. Mama jirani akanishika mkono.

"Pole sana, mwalimu. Utapona."

"Nitapona, mama?"

"Utapona kabisa."

Nikamwomba aseme tena. Akasema. Machozi yakanitoka mbele za watu wote, naye akadhani bendeji inabana, akainama kuilegeza.