Glögg Isiyo na Tone la Divai

Sufuria yenyewe ilikuwa ya lita kumi, mali ya kanisa, na kwa miaka sita hakuna aliyeigusa Jumapili ila mimi. Ibada yetu ya Kiswahili pale Sundbyberg, Uswidi, ilikuwa na Wakongo, Warundi na sisi Watanzania wachache. Tulibishana karibu juu ya kila jambo, lakini chai ya baada ya ibada ilijulikana ni yangu. Nilijivunia sufuria ile kuliko cheti changu cha uuguzi, na sioni aibu kusema hivyo.

Desemba moja nikaamua watoto wetu nao wapate ladha wanayoisikia kwa wenzao shuleni. Krismasi ikikaribia, Waswidi hunywa glögg: divai nyekundu iliyopashwa moto kwa viungo na sukari, kwenye vikombe vidogo vyenye zabibu kavu na lozi ndani. Mimi nilifundishwa na bibi mmoja Mswidi, jirani yangu wa jengo moja, aliyenisimamia jikoni kwake kama mkaguzi. Vijiti vya mdalasini, karafuu, iliki, tangawizi kavu na ganda la chungwa chungu. Uviloweke ndani ya divai siku nzima, uchuje, kisha upashe taratibu, na ole wako ichemke. Mimi niliyezoea kuchemsha chai mpaka ipande, nilikaripiwa mara tatu.

Lakini ushirika wetu haunywi pombe, nami naliheshimu hilo. Kwa hiyo nilinunua juisi ya zabibu nyeusi, nikaloweka viungo tangu Jumamosi asubuhi, na Jumapili nikapasha bila kuchemsha. Hapakuwa na divai hata tone. Watoto walirudi kuomba mara ya pili na ya tatu, nikaenda nyumbani nimefurahi kabisa.

Jumatano ukaingia ujumbe kwenye simu. Ulitoka kwa mzee wa kanisa, Mkongo mpole ambaye kikombe chake nilikuwa nakipunguzia majani kwa ajili ya presha yake. "Mama, kamati imeona upumzike kwanza na mambo ya jikoni." Nikampigia papo hapo.

"Mama, ile kitu ulitupatia ilikuwa na pombe," akasema. "Kuna baba moja alisikia kichwa inazunguka."

"Mzee, ilikuwa juisi. Chupa bado ninazo. Nizilete?"

"Lakini ni glögg, mama. Sisi tunaijua. Ku kazi wananipatiaka kila mwaka, na mimi nakataaka."

Basi, ndiyo ilikuwa kesi yangu. Kamati ilikaa bila mimi, ikahukumu bila kuniuliza, na chupa hakuna aliyetaka kuziona. Mwaka mzima nilikaa kiti cha nyuma nikinywa chai ya vifuko, ya maji moto tu, huku akina mama wakinisalimia kwa sauti ya kumsalimia mgonjwa. Binti yangu aliniambia, kwa Kiswidi chake, tuhamie kanisa lingine. Nikamjibu kwamba sina kosa, kwa hiyo sihami.

Desemba ikarudi. Mzee akasimama mbele ya watu akatangaza, "Mwaka huu tumenunua glögg ya dukani, haina shida. Mukunywe na amani." Chupa zilikuwa zimepangwa mezani. Nikainua moja, kwa mazoea tu ya kazi, maana muuguzi hampi mtu kitu bila kusoma kibandiko. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa: kilevi, asilimia mbili nukta mbili. Na watoto walikwisha kuanza kunywa!

Nilikusanya kwanza vikombe vya watoto, ndipo nikampelekea mzee chupa. Alisoma. Akavaa miwani, akasoma tena.

"Mama," akaninong'oneza, "ni kidogo tu."

Kidogo! Yangu isiyo na kitu ilinifukuza jikoni mwaka mzima, na yao yenye kilevi ilikuwa kidogo. Nilitaka neno moja tu, samahani, na nilitaka lisemwe pale pale mbele ya watu, kwa sababu aibu niliibeba mbele ya watu. Hakulisema. Jumapili iliyofuata nilikuta upawa na pakiti ya majani ya chai vimewekwa juu ya kiti changu cha nyuma, kimyakimya.

Nikavichukua. Ndiyo, nikavichukua, maana jiko lilikuwa langu. Nikapika sufuria nzima kwa maziwa, iliki na tangawizi, ila sukari sikuitia. Mzee akapiga funda, akaniangalia. Akapiga la pili, akakimaliza kikombe chote amesimama mbele yangu.

"Asante, mama," akasema. "Chai ni muzuri."

Kopo la sukari lilikuwa mkobani mwangu. Lingetoka kwa neno moja.