Furungu Halizibwi Kabla ya Kutembea

Nakumbuka siku moja afande mmoja wa Koboko alisimamisha gari mbele ya karakana ya baba yangu, hapahapa Arua. Alifuata mafurungu ya fedha, yale mapambo ya miguuni yanayolia, ya arusi ya bintiye. Mimi, msichana wa kuvukuta moto, nilikwisha kuyasugua yakang'aa. Ila matundu yake yalikuwa bado wazi, maana kwetu mfua fedha hutia changarawe ndani, lakini hazibi mpaka bibi arusi atembee uani, naye mfua asikilize mlio wa miguuni.

"Funga tu, mzee," alisema afande. "Mutoto iko nyumbani. Hapana kuja."

"Sasa mimi nasikiliza mguu gani? Yako?" baba alimjibu.

Mwanangu, niliogopa! Nilimvuta baba kanzu, nikamnong'oneza azibe, mwenye bunduki habishiwi. Baba akanigeukia.

"Wewe vukuta moto. Kazi ya babu yako hapana ogopa gari."

Afande aliondoka na hasira zake. Kesho yake akarudi na bintiye, na hapo ndipo nilipojua kwa nini alimficha. Binti alichechemea. Mguu wa kushoto ulikanyaga kwa woga, na furungu lake halikusikika kabisa. Baba alichuchumaa miguuni pake. Aliongeza changarawe kushoto, akapunguza kulia, akamtembeza tena na tena mpaka milio ikalingana. Binti akacheka. Yule afande, mwanamume mzima, aligeukia ukuta akalia.

Sasa wewe, mwanangu, umeifufua karakana ya babu yako. Visanduku vyako vya mahameli nimeviona, picha za kwenye simu zimenipendeza, na bei uliyoweka inatisha. Vizuri, usiishushe. Lakini hilo duka la Kampala linalotaka uyazibe mafurungu yote sawasawa, uyapeleke kwa katoni, likatalie. Likatalie hata wakikucheka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayetaka furungu letu apande basi, aje Arua, atembee uani kwetu, nawe umsikilize. Fedha hata wengine wanayo, na mahameli yamejaa sokoni. Sikio la babu yako umebaki nalo wewe peke yako, na mwacha asili ni mtumwa.

Mungu akupe moyo usioogopa gari, si kama wangu siku ile. Na kila mguu utakaouvisha uende kwenye heri, hata ule unaochechemea.